Mkate Mrefu na Watu Wake Wabishi

Vijana wa jikoni kule Plano mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kazi yetu, na kwa kuwa mmeniomba kwa adabu, nimekubali. Lakini tuelewane mapema. Sitaandika nililipwa nini wala nilipanda cheo lini, maana hayo hayatawasaidia kukata mkate. Nitaandika juu ya mkate mrefu unaopasuliwa ubavuni ukajazwa nyama, jibini na majani, na juu ya watu wazima, wenye shahada na magari ya maana, walionisimamisha kaunta wakanigombeza kwa sababu ya jina la mkate huo. Nimestaafu miezi michache tu iliyopita na hasira bado ninazo, kwa hiyo mtanivumilia.

Kwetu Tanga mkate wa aina hiyo ni boflo. Unaununua asubuhi ungali wa moto, unaupaka siagi, unachovya kwenye chai, unakwenda zako. Sijawahi kuona mtu amevimba mishipa ya shingo kwa sababu ya boflo. Nilipokuja Marekani nilidhani chakula ambacho kinaliwa kwa mikono, umesimama, kwenye karatasi, kitakuwa chakula kisicho na maneno. Loo! Nilikosea sana.

Nilianzia Houston, upande wa kusini-magharibi, kwenye duka dogo la Bwana Alcide. Alikuwa mzee mweusi kutoka New Orleans, aliyehamia Texas baada ya mafuriko kumchukulia nyumba na duka la kwanza. Siku yangu ya kwanza nilifika na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, sentensi zangu za Kiingereza nimezirudia basi zima. Sikupata nafasi ya kuzisema. Alinipa kipande cha mkate mtupu, akaniambia nile. Nikala. Akaniuliza umelia vipi. Nikamwambia ni mtamu. Akasema, "Sijauliza utamu. Nimeuliza mkate umelia vipi." Nikaomba kipande kingine, nikauma tena, safari hii nikitega sikio, na kweli ganda lilipasuka kwa sauti.

Hilo ndilo somo la kwanza, na nalirithisha kwenu bure. Mkate wa poboy, maana ndivyo watu wa Louisiana wanavyouita, una ganda jembamba linalolia na ndani ni laini, hauna uzito. Ukiwa mgumu ndani, kamba wa kukaanga wanatoka upande wa pili mteja akiuma. Ukiwa laini nje, mchuzi unaupenya na mteja anabaki na uji mkononi. Somo la pili ni kisu. Tumia kisu kirefu chenye meno, usikandamize, vuta tu. Wala usiukate mkate ukaachana vipande viwili. Acha ubavu mmoja umeshika, uwe bawaba, vinginevyo kila kitu kinamwagika kwenye suruali ya mtu na lawama ni zako. Somo la tatu ni nyanya. Nyanya inakaa juu ya nyama, haigusi mkate, na chumvi unaitia mwisho. Nimewaona baadhi yenu mnaanza na nyanya. Nawajua kwa majina.

Bwana Alcide hakuamini mkate wa mtu yeyote Texas. Alijaribu waokaji wote akawatukana wote, mpaka akaangukia kwa mama mmoja wa Kivietinamu mwenye tanuri nyuma ya duka la nguo. Mkate wa mama yule ulilia vizuri. Mama mwenyewe aliutumia kutengenezea banh mi, yaani unaupaka maini yaliyosagwa, unaweka nyama, karoti za siki, giligilani na pilipili. Bwana Alcide akawa anasema banh mi ni kitu kingine kabisa, hakina uhusiano na poboy. Siku moja nikamwambia, "Mzee, ni mkate uleule, kutoka tanuri lilelile, na wewe ndiye uliyeubeba asubuhi." Alininunia mpaka saa za chakula cha mchana. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninashughulika na watu wa namna gani.

Mnaniuliza sana kuhusu nyama ya nguruwe, basi nijibu hapa muache kuniuliza. Mimi ni Mwislamu. Nilimwambia Bwana Alcide siku ya kwanza, akaninunulia glavu na kunipa kisu changu peke yangu, na hakulizungumza tena. Nimepanga nyama ya nguruwe kwenye mikate maisha yangu yote ya kazi na ladha yake siijui. Mteja akiniuliza, "Miss Juma, leo iko vizuri?" nilikuwa namjibu kwamba hakuna aliyerudi kulalamika. Jina langu ni Mwajuma, lakini Texas wameliona refu.

Bwana Alcide alipozeeka akafunga duka, nami nikamfuata binti yangu Dallas. Tukakaa Vickery Meadow, kwenye yale maghorofa ambayo ukipita ngazini unasikia Kiarabu, Kiburma na Kiswahili cha kila mpaka kabla hujafika mlangoni kwako. Kila alfajiri nilipanda treni kwenda Plano, kwenye kantini ya jengo lile la ofisi mnalolijua. Kampuni ya mle ndani ilikuwa imehamisha makao yake makuu kuja Texas, na ikahamisha watu wake kutoka majimbo mbalimbali. Waliacha theluji, wakaacha nyumba, wakaacha mama zao. Kitu kimoja hawakukiacha: jina la mkate wa kwao.

Hapo ndipo uzee wangu ulipoanzia. Anakuja mtu wa New York anataka hero. Nyuma yake yuko mtu wa Philadelphia, anasikia hero, anacheka kwa pua, anasema hicho ni hoagie. Mwanamke wa Connecticut anasema kwao kinaitwa grinder na kinapitishwa motoni. Wote watatu wanaonyesha kidole mkate mmoja uliolala kwenye kioo. Kuna wawili wa Florida walioacha kusalimiana kwa sababu mmoja anaweka salami kwenye mkate wa Kikuba na mwenzake anaona hiyo ni laana. Wapishi wetu wa Kimeksiko walikuwa wanatengeneza torta zao, mikate ya kwao iliyojazwa, pembeni, wanakula kimya, wanatutazama. Nawahusudu mpaka leo.

Meneja wetu, Mutua, ni Mkenya wa Machakos, kijana mpole anayependa mambo yaishe. Akaniambia, "Mama Juma, tu-print menyu moja, tuandike sub, na hiyo maneno iishe." Sub ndilo jina linaloeleweka karibu nchi nzima, kwa hiyo lilionekana wazo la busara. Tukabandika bango. Kabla ya mchana mtu alishalikata jina kwa kalamu akaandika hoagie. Mwingine akaikata hoagie akaandika hero. Mwingine akaandika maneno ambayo siwezi kuyarudia. Hawa ni wahasibu, jamani, watu wanaotunza fedha za watu! Nikachukua kalamu nikaandika chini kabisa, kwa herufi kubwa, MKATE. Mutua akaja, akasoma lote kuanzia juu, akalibandua.

Tangu siku hiyo nikaweka utaratibu wangu, na ndio huohuo mnaoutumia. Usimuulize mteja jina. Muulize moto au baridi, mafuta au mayonezi, mkate laini au wenye ganda. Akishajibu hayo unajua tayari alizaliwa wapi, na jina ataliita mwenyewe akifika mezani kwake. Hoagie ni ya baridi, inataka mafuta na siki, majani yakatwe membamba. Grinder inaingia motoni. Mteja wa poboy akisema "uvishwe", anataka majani, nyanya, achari na mayonezi. Msishangae, si tusi.

Kabla hamjanicheka kwamba nawasema Wamarekani, nikiri kuwa jikoni kwetu hatukuwa bora. Siku moja nilileta mandazi, Mutua akayaita mahamri, na wallahi nilijisikia damu inanipanda kichwani. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Lakini mandazi ni mandazi. Hilo halina mjadala.

Sasa nije kwa Furaha, maana mnamwona kila siku na hamjui alivyofika hapo.

Furaha ni Mkongo wa Uvira, mama wa makamo, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Alikaa kambini miaka mingi kabla hajaletwa Dallas. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Jicho la kulia lilikuwa karibu halioni, na la kushoto lilikuwa linaona ukungu. Daktari wa kliniki ya msaada alimwambia upasuaji ni mdogo na unaponya kabisa, ila kliniki ile haiufanyi, na bima ya wageni wapya aliyopewa ilikuwa imekwisha. Njia pekee ilikuwa apate kazi yenye bima. Nikamwombea kazi kwetu. Mutua akamchukua kwa majaribio, na bima inaanza majaribio yakiisha. Akifukuzwa kabla ya hapo anarudi ghorofa ya chini kungoja giza. Nilikuwa najua hilo, na Furaha alikuwa anajua. Mutua hatukumwambia, kwa sababu hakuna meneja anayemweka mtu asiyeona vizuri karibu na mashine ya kukatia nyama.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyempangia sehemu. Kwenye mashine sikumruhusu hata asogee. Kwenye visu, hapana. Nikamweka kwenye oveni, mahali ambapo joto linakuambia lenyewe lilipo, na trei zinaingia na kutoka bila kuhitaji macho makali. Akaishika ile oveni vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama pale. Tatizo likawa moja. Kila kilichopita mbele yake kiliingia motoni.

Alipasha grinder, sawa. Alipasha poboy, tukavumilia. Akapasha hoagie. Mtu wa Philadelphia akafungua karatasi yake, akakuta majani yamelegea kama mlenda na mafuta yanamtiririka kiwikoni. Akarudisha. Kesho yake ikarudi nyingine.

"Furaha," nikamwambia, "hii hailiwi moto! Nimekuambia mara ngapi? Ikitoka kwangu na karatasi nyeupe, unaipitisha tu."

"Naona karatasi, Mama. Nyeupe niko naiona."

"Sasa kwa nini unaipasha?"

Akajifuta mikono kwa aproni taratibu, akanijibu kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mama, hawa batu wametoka mbali. Weye mwenyewe unasemaka hivyo. Wameacha nyumba zao. Mutu ametoka mbali, unamupatia mukate ya baridi na nyama ya baridi? Kwetu ukimupatia mugeni chakula ya baridi, umemwambia arudi kwenye alitoka."

"Hawa si wageni, ni wateja!"

"Si njo wageni wanalipa?"

Mungu wangu. Na mimi siku yangu ya kwanza Houston nilimwonea huruma mtu wa kwanza niliyempa nyama ya baridi. Nilitaka kumwomba radhi. Kwetu pia ukimpa mgeni kiporo cha baridi, habari zako zitatembea mtaa mzima. Nilimwelewa Furaha kabisa, na ndiyo maana alinichosha. Mtu usiyemwelewa unaweza kumfokea ukaendelea na kazi. Nilimsihi, nikamtisha, nikamkumbusha macho yake. Alikuwa anaitikia "ndiyo, Mama", anakaa siku mbili ameshika adabu, kisha akisikia sauti ya mzee kwenye foleni, trei inaingia motoni.

Basi wakubwa wa kampuni inayoendesha kantini, ambao ndio waajiri wetu, wakatuma ujumbe kwamba mkubwa mmoja atakuja kukagua. Mutua akanivuta kando, uso umemshuka. "Mama, nikuambie ukweli. Wanataka kupunguza mtu mmoja kwa hii kitchen. Nataka aone hii team tunahitajika wote. Akikula lunch safi, nitaweza kubargain naye." Nikamuuliza mkubwa huyo anatoka wapi. Akasema Philadelphia. Nikakaa chini kwenye gunia la vitunguu.

Asubuhi ya siku hiyo niliitengeneza hoagie ya mgeni kwa mikono yangu. Mkate wenye ufuta juu, nyama za Kiitaliano zimekatwa nyembamba mpaka unaona mwanga, jibini kali, majani membamba, mafuta, siki, majani makavu ya oregano. Nikaikunja kwenye karatasi nyeupe, nikamshika Furaha mabega. "Hii," nikamwambia, "hata moto wa kiberiti usiione. Umenisikia? Hii ndiyo macho yako." Akaapa. Aliapa kwa jina la Yesu, na yule mama si mtu wa kuapa ovyo.

Ndege ya mgeni ikachelewa. Mutua akatoka kumpokea mlangoni, nami nikaitwa kaunta kwa sababu wale wa Florida walikuwa wameanza tena. Niliporudi jikoni karatasi nyeupe haikuwepo mezani. Nikaitazama oveni. Nikamtazama Furaha. Alikuwa amesimama ameshika mikono yake miwili mbele.

"Umefanya nini?"

"Mama, ule muzee alipita hapa na Mutua. Nilimusikia anakohoa. Amekuja na ndege, amechelewa kula, anakohoa." Akanionyesha oveni kwa kidevu. "Mukono ilienda yenyewe. Mutua ameshaibeba."

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, nilisema kwa Kizigua. Wapishi wa torta walitoka nje wote. Nikakimbilia ukumbini kuiwahi, nikafika mgeni ameshafungua. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi, anakohoa kweli. Aliinua ubavu wa mkate kwa kidole, akayatazama yale majani, kisha akaufunika tena pole pole, akausukuma mbele. Hakugomba. Alimuuliza Mutua kama jikoni kuna mtu anayejua hoagie ni nini. Heri angegomba.

Jioni Mutua aliniita kwenye kile chumba chake chenye ndoo za deki. "Mama Juma, mimi nimejaribu," akasema. "Lettuce ilikuwa imekuwa sukuma wiki. Wata-cut mtu mmoja, na yule ako kwa probation ndio rahisi. Ni Furaha. Hata sitaki, lakini nifanye nini?"

Ikabidi nimwambie habari za macho. Nilimwambia yote, kuanzia kliniki mpaka oveni. Akashika kichwa.

"Yaani umemweka mtu haoni kwa kitchen yangu, na visu zote hizo?"

"Nimemweka kwenye oveni. Kisu hajashika."

"Ndio maana kila kitu inatoka ikiwa moto!"

"Hapana. Hiyo ni kwa sababu ana tabia njema. Ndiyo maana ananitia wazimu."

Mutua alicheka kidogo, halafu akaacha, kwa sababu hakuna kilichobadilika. Bado mtu mmoja alitakiwa aondoke. Nikamuuliza, "Wamesema Furaha, au wamesema mtu mmoja?" Akasema mtu mmoja. "Basi niandike mimi."

"Wewe? Mama, hapana. Wewe ndio unajua hawa watu wote na vitu wanakula."

"Ndiyo maana nimechoka. Mimi nina kadi ya serikali ya matibabu ya wazee. Magoti yangu yamekwisha. Furaha akitoka leo, macho yamekwenda. Niandike mimi."

"Siwezi kufukuza wewe. Wewe ni kama mamangu."

"Basi mtii mama yako," nikamwambia, "na Furaha usimwambie."

Msianze kuniita mtakatifu. Niliumia. Nilipanda treni ile jioni nikiwa nimefura, nimemkasirikia Furaha, nimewakasirikia watu wa Philadelphia, na nimeikasirikia ndege iliyochelewa. Nilipenda kazi yangu. Nilipenda saa ile ya asubuhi kabla watu hawajaja, mkate umefika na unalia ukiubana, visu vimenolewa, na hakuna aliyeanza kuniambia kwao wanaitaje. Nilikuwa nimepanga kuondoka kwa siku niliyoichagua mwenyewe, na haikuwa hiyo.

Furaha alilielewa kinyume. Aliamini nimestaafu kwa hasira ya ile hoagie, kwamba nimemtupa. Siku yangu ya mwisho mlinipikia pilau, mkanipigia makofi, naye alibaki kwenye oveni amenipa mgongo. Nilipokwenda kumuaga alisema, "Unaniacha na hawa batu, Mama," basi. Kwa kuwa nilikuwa nimemfunga Mutua mdomo, sikuweza kujitetea. Tukaishi jengo moja, tunapishana ngazini, yeye ananisalimia kwa heshima yote na hanitazami. Nilikuwa nasikia habari zake kwa majirani: majaribio yameisha, bima imeanza, amepewa siku ya hospitali. Mimi nilikaa ndani nikaangalia televisheni, nikamgombeza binti yangu jinsi anavyokata nyanya.

Wiki iliyopita, mchana, mlango ukagongwa. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikaitikia karibu bila kugeuka, nikasikia mtu anaingia na kusimama katikati ya jiko. Alikuwa Furaha. Macho yote mawili yalikuwa yameshafanyiwa, bandeji zimetoka, amevaa ile miwani nyeusi wanayowapa. Alikuwa analia chini ya miwani.

"Mutua ameniambia," akasema.

"Mutua hana kifua. Nilijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekataa. Ungeniletea maneno, ungepasha hoagie ya pili kwa makusudi ili wakufukuze wewe. Nakujua."

Aliivua miwani akaiweka juu ya friji, akaja mpaka mbele yangu, akanishika uso kwa mikono yake miwili akanigeuzia dirishani penye mwanga. Akanitazama. Tumekaa jengo moja, tumefanya kazi meza kwa meza, na nikatambua kwamba mwanamke huyu hakuwahi kuniona. Alinipitia paji la uso, macho, mashavu, pole pole, hana haraka.

"Mama," akasema, "kumbe uko muzee hivi."

Nikamwambia aitoe hiyo mikono, vitunguu vinaungua. Hakuitoa.